Ugonjwa wa Kuazima

Daktari ndiye aliyeugundua ugonjwa wa mama yangu mdogo, Suad. Lakini aliyeuchagua alikuwa wifi yake, Bi Malak. Daktari alisema ni saratani ya ziwa la kushoto. Bi Malak aliipokea taarifa hiyo akiwa kwenye kochi la sebuleni kwetu Neasden, koti bado mwilini, chai ikimpolea mkononi, kisha akatoa uamuzi kwamba neno lile halitavuka kizingiti. Hata yeye hakulitamka. Alisema "neno lile", akashusha sauti, kana kwamba saratani ilikuwa jirani wa ghorofa ya chini anayeweza kusikia.

Ilikuwa mwaka 1998. Mimi nilikuwa naishi kwa mama mdogo kwa sababu ya chuo, na nilihudhuria kikao hicho kwa kazi ya kupita na sinia. Nilisikia hoja zote. Hoja ya kwanza ilihusu mume wa Suad, Ami Abdulwakil, ambaye mchana aliuza tiketi nyuma ya kioo katika stesheni ya treni na jioni alikuwa katibu wa jumuiya yetu ya Wazanzibari wa ughaibuni. Uchaguzi wa mwenyekiti ulikuwa unakaribia. Bi Malak aliona kwamba watu hawampi uongozi mwanamume ambaye nyumbani kwake mna neno lile. Hoja ya pili ilinihusu mimi. Watu wakisikia, alisema, watadai kwamba limo katika damu ya ukoo, na nani atakayekuja kuposa? Akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyotazama maziwa ya pakiti yaliyobakiza siku moja kuchacha.

Basi ukatafutwa ugonjwa mwingine. Presha ilikataliwa kwa sababu kila mtu anayo na haimpeleki mtu hospitali kila baada ya wiki tatu. Vidonda vya tumbo vilikataliwa kwa sababu, kwa maoni ya Bi Malak, ni ugonjwa wa watu wenye vinyongo. Sukari ilikaribia kushinda, lakini mtu akakumbuka kwamba marehemu mama yao Bi Malak na Ami alikufa nayo, na si vizuri kuchezea jina la marehemu. Ndipo Bi Malak mwenyewe alipopendekeza kolestro.

Kikao kilipumua. Kolestro ilikuwa ugonjwa wa heshima. Kanti, mwenye duka la vyakula la Kenton, alikuwa nayo na aliitaja huku akipiga tumbo lake. Nusu ya kamati ya jumuiya walikuwa nayo. Haina aibu hata chembe, kwa sababu mtu hawezi kuipata bila kwanza kushiba.

"Tutasema mafuta yamezidi kwenye damu, wanamsafisha kwa dripu," alisema Bi Malak. "Nani atabisha?"

Suad mwenyewe hakuulizwa. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minane, mwembamba, mtu ambaye akila mkate hula ganda tu akaacha nyama ya ndani. Ami Abdulwakil alimtazama mkewe, akamtazama dada yake, akasema kwamba yeye anaona ni vyema. Ami Abdulwakil alikuwa mtu mwema. Wema wake ulikuwa wa aina ile ya kioo cha tiketi: unamwona vizuri, lakini mkono wako haumfikii.

Donge lilikatwa mwezi wa kwanza, na dripu zilianza mwezi wa pili. Kabla ya ile ya kwanza, daktari wake alimketisha akamwonya juu ya mambo ambayo dawa ile ingeweza kumfanyia: kichefuchefu, nywele, na jingine ambalo alilitaja kwa uangalifu, kwamba dawa inaweza kuyalaza mayai ya uzazi, pengine kwa muda, pengine moja kwa moja. Daktari huyo aliitwa Shiraz, Mhindi mzaliwa wa Kisumu, na alisisitiza kuzungumza nasi Kiswahili cha kwao, ambacho ngeli zake zilikuwa zimekwenda likizo. Suad hakuwa na mtoto. Yeye na Ami walikuwa wamejaribu kwa miaka mingi na hawakuwa wamekata tamaa. Walikuwa wameacha tu kulizungumza. Alitia saini. Njiani kurudi, ndani ya basi, aliniambia kwamba kifo hakukihofia sana. Alichohofia ni kupita katika yote haya bila mtu kumwambia pole.

Nilimkumbusha kwamba watu wanampa pole kila siku.

"Wananipa pole ya kolestro," akasema. "Pole ya kolestro haifiki kwenye ziwa."

Na kweli pole zilikuwa nyingi, na kila pole ilikuja na nasaha. Kila Alhamisi wanawake wetu walikutana katika nyumba ya mmoja wao kwa kisomo cha Yasini, kikifuatwa na chai, sambusa, vileja, na maisha ya wasiokuwepo. Kiongozi wa duru hii alikuwa Mama Mahir, mwanamke mpana mwenye moyo mpana zaidi, mpishi katika jiko la shule, ambaye aliamini kwamba hakuna ugonjwa usioshindwa na watu kumi wakiuamulia. Akaiamulia kolestro ya Suad. Alimletea chupa ya siki iliyolala na vitunguu thomu. Aliamuru chapati za duru zipikwe bila samli, na wanawake wakazila kwa nyuso za mashahidi wa dini.

Ikumbukwe kwamba Suad, siku kadhaa baada ya kila dripu, alikuwa hawezi kulaza kitu tumboni. Maji yenyewe yalikuwa na ladha ya msumari. Halafu polepole ulimi ulirudi, na zikawapo siku chache, kabla ya dripu inayofuata, ambapo alitamani kula, na hospitali ilimsihi ale chochote anachokitaka. Mara nyingi siku hizo ziliangukia Alhamisi. Basi mama yangu mdogo alikuwa akinyoosha mkono kuelekea sambusa, sambusa moja, aliyoiota wiki nzima, na sahani ilikuwa ikiondoka.

"Suad, mwanangu, roho yako hiyo," Mama Mahir alikuwa akisema, akimsogezea tango.

Wengine walikuwa hawasemi, walikuwa wakihesabu. Dawa za kuzuia kutapika zilikuwa zimemvimbisha uso, na kila aliyemwona alijua moja kwa moja kwamba anakula kwa siri. Mke wa Shaame, aliyekaa siku zote karibu na mlango ili asipitwe, alieleza kwa masikitiko kwamba wembamba wake wa zamani ulikuwa wa kudanganya, kwani mafuta ya Suad yalikuwa yakikaa ndani. Bi Malak aliyasikia haya yote na hakukanusha hata moja. Alitikisa kichwa tu, kwa huzuni ya dada wa mume aliyejitahidi. Ninaamini kwamba kufikia wakati huo alikuwa ameanza kumkasirikia Suad kwa ulafi.

Baada ya dripu ya nne tulikwenda kwa Daktari Shiraz kwa majibu ya damu. Ami Abdulwakil alibaki kwenye korido, akisoma bango la kuacha sigara, ingawa hajawahi kuvuta. Daktari alieleza kwamba chembe za damu zinaridhisha, dawa inafanya kazi. Kisha akakuna kidevu. Kliniki yao, alisema, ilikuwa inafuatilia jambo jingine kwa wanawake ambao walikuwa hawajafikia umri wa kukoma hedhi. Akauliza kama Suad bado anaziona siku zake.

Suad akajibu kwamba hajaziona tangu dripu ya pili.

"Basi ndiyo hiyo, mama," akasema daktari. "Hii dawa iko na nguvu. Imelaza ovari. Sasa mwili yako inafikiri imefika miaka hamsini na kitu. Ile homoni ya kike imepungua, na ile homoni ndiyo ilikuwa inasaidia ini kutoa mafuta mbaya kwa damu. Sasa mafuta inabaki. Wakati tulianza ilikuwa sawa kabisa. Leo iko juu."

"Mafuta gani?" aliuliza Suad, ingawa nadhani alikwisha kujua.

"Kolestro, mama. Uko na kolestro."

Nilitegemea alie. Badala yake alicheka. Alicheka hadi kitambaa kikamtelezea nyuma na kichwa kikaonekana, cheupe na kidogo kama yai, na yeye hakujali. Alicheka hadi nesi akachungulia na Ami Abdulwakil akasimama kwenye korido. Daktari Shiraz, ambaye huenda hakuwahi kutoa taarifa iliyopokewa vizuri namna ile, aliharakisha kumtuliza kwamba si kosa lake, si chakula, na kwamba itapimwa tena baada ya matibabu, na ikibidi kuna vidonge.

"Wifi yangu ana ulimi, daktari," alisema Suad akifuta macho. "Akisema jambo, malaika wanaitikia amini."

Hakuuliza kuhusu ovari mpaka tulipokuwa tumesimama kuondoka. Akauliza kama zinaweza kuamka. Daktari akasema katika umri wake kwa wengine huamka, kwa wengine haziamki, hawezi kuahidi. Hapo hapakuwa na kicheko tena.

Laiti hadithi ingeishia kwenye kolestro, ingekuwa hadithi ya kuchekesha tu. Lakini wanawake wa duru yetu wana hesabu zao, na hesabu hizo hazihitaji maabara.

Katika kisomo, mwenye hedhi hagusi msahafu. Hukaa pembeni na tasbihi, husema "leo sisali", na hakuna anayemuuliza zaidi. Lakini ndugu zangu, miaka kumi ya Alhamisi si michache. Kila mmoja anazijua siku za mwenzake kama anavyoijua ratiba ya treni, na pengine vizuri zaidi, kwa kuwa treni huchelewa. Suad, kwa kadiri kila mtu alivyokumbuka, alikuwa mtu wa tasbihi Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Sasa ulipita mwezi wa nne, wa tano, na wa sita ukaingia, na Suad kila alipohudhuria alitawadha, akanyoosha mkono, akachukua msahafu.

Mke wa Shaame ndiye aliyeliona kwanza. Alilipeleka kwa Mama Mahir, na Mama Mahir, mama wa watoto sita, akaunganisha yote kwa dakika moja: haoni siku zake, anatapika, uso umemjaa, anakwenda hospitali kila mara, na nyumba nzima inang'ang'ania jambo lisilo na kichwa wala miguu kuhusu mafuta. Loo, wajinga sisi! Suad ana mimba. Miaka yote hiyo, na leo Mungu amemkumbuka. Na kolestro? Kolestro ni ganda tu, la kumkinga na jicho la hasidi.

Hapana budi nikiri kwamba ilikuwa hoja nzuri. Nilisoma chuoni makala zenye ushahidi hafifu kuliko huo.

Mara chakula kikabadilika. Tango likatoweka. Samli ikarudi kwa nguvu za mtu aliyetoka uhamishoni. Suad aliletewa supu ya kwato, uji wa pilipili manga, kuku wa kupaka, na kila aliyeleta alimkonyeza. Hakuna aliyetamka neno, maana mimba changa haitajwi, kwa hiyo mama yangu mdogo alipata wiki nzima akidhani kwamba wanawake wale wamemwonea huruma hatimaye. Alikula. Alifurahi. Aliniambia huenda wamejua, na kwamba huenda watu ni wema kuliko tunavyowadhania.

Aliyemfumbua macho alikuwa mumewe. Ijumaa hiyo Ami Abdulwakil alirudi kutoka msikitini akiwa na uso wa mtoto aliyevunja kitu. Alizunguka jikoni, akafungua friji, akaifunga, kisha akaeleza: wanaume walimzunguka baada ya sala, wakampa mkono, mmoja hata alimkumbatia. Walikuwa wanampongeza.

Suad aliweka kijiko chini. Ilimchukua muda kuelewa, na nilimwona akielewa, kipande kwa kipande: supu, konyezo, samli.

"Walipokupa mkono," aliuliza, "wewe ulisema nini?"

"Nilisema inshallah."

"Inshallah ya nini, Abdulwakil?"

Suad hakupaza sauti. Alimwambia tu kwamba yeye amelala kwenye kiti kile cha dripu, ameiona dawa nyekundu ikiingia mkononi, amekubali kuyatoa mayai yake ili abaki hai, na mumewe ameyapokelea pongezi msikitini. Ami alikaa chini akajifunika uso. Nadhani alilia. Sikuwahi kumpenda kama saa ile, wala kumdharau kama saa ile.

Bi Malak alikuja jioni hiyohiyo, naye hakuwa na majonzi hata kidogo. Alikuwa na mpango. Aliona kwamba mimba ilikuwa bora mara mia kuliko kolestro. Inaeleza kutapika, inaeleza hospitali, inaeleza uchovu, na inaongeza kura. Iachwe tu. Mwezi ujao itasemwa kwamba imeharibika, bahati mbaya, watu watasikitika, na mambo yatakwisha kwa heshima. Aliyasema haya akimenya chungwa.

"Na nywele, wifi?" aliuliza Suad. "Mimba imekula na nywele?"

"Hiyo nani ataona? Utajifunika."

"Mmenivisha kolestro, nikavaa. Sasa mnanivisha mtoto. Na hata kumzika mtoto mwenyewe mmekwisha kunipangia."

Bi Malak alijibu kwamba yote ni kwa ajili ya sitara. Neno hilo, sitara, alilitumia kama wenye nyumba wanavyotumia pazia: si kwa ajili ya aliye ndani, bali kwa ajili ya wanaopita barabarani. Mimi nilikuwa na hotuba nzima tayari kooni, juu ya ukweli, elimu na haki ya mgonjwa. Suad alinitazama mara moja, nami nikaenda kuosha vyombo.

Alhamisi iliyofuata duru ilikuwa nyumbani kwa Mama Mahir. Suad alikuja na kitambaa chake cha buluu, nyusi amezichora kwa wanja, moja juu kidogo kuliko nyingine. Alitawadha, akachukua msahafu, akasoma pamoja nao mpaka mwisho. Dua ilipofika, Mama Mahir aliongeza ya kwake, kwa sauti iliyojaa machozi ya furaha, akimwomba Mungu akikamilishe kile alichokianza kwa mja wake mmoja aliyepo hapa, asiyetajwa jina. Wanawake wakaitikia amini kwa shangwe, wakitazama mazulia.

Suad peke yake hakuitikia.

"Mama Mahir," alisema, "nirudishie dua hiyo. Si yangu."

Bi Malak, kwenye kochi, alianza kukohoa.

"Sina mimba. Sizioni siku zangu kwa sababu dawa zimezikata. Nina saratani. Ya ziwa hili." Aliweka mkono pale, juu ya kanzu, bila haya, kama mtu anavyoonyesha nyumba anayokaa. "Nimekatwa donge mwezi wa kwanza, na dripu mlizosikia ni za hiyo. Mlidanganywa, na mie nilikuwamo."

Mke wa Shaame, karibu na mlango, alikuwa ameacha mdomo wazi na kileja ndani yake.

"Ila kolestro ninayo kweli," Suad aliongeza. "Hiyo wifi hakusema uongo. Aliwahi tu kidogo."

Bi Malak alisimama. Alieleza hadhira kwamba wifi yake hayuko sawa, kwamba mafuta yakizidi hupanda kichwani, daktari mwenyewe kasema. Akatafuta macho ya kumuunga mkono, akazunguka sebule nzima. Mama Mahir ndiye aliyemjibu, na hakuwa akitabasamu.

"Malak, kaa chini. Nguo ya kuazima haisitiri matako. Na hii ulimwazimia mtu aliye mgonjwa."

Kisha yakawapo yale yanayokuwapo katika sebule zetu: kulia, kukumbatiana, mtu kumkumbuka marehemu dada yake ambaye naye "alikuwa na vidonda vya tumbo", na ghafla wote wakijiuliza vilikuwa vidonda gani hasa. Marehemu wetu wengi walisafishwa majina jioni ile. Sitawataja. Wanawake hawa walikuwa wamehesabu siku za Suad na sambusa za Suad kwa miezi mitano, na sasa walikuwa hawajui wahesabu nini.

Katika fujo hiyo Mama Mahir alimvuta Suad hadi kwenye korido yenye viatu vyote. Nilikuwa huko nikitafuta koti langu. Yule mwanamke mpana alikuwa amenywea. Aliuliza, akitazama viatu, kama lile donge la Suad lilikuwa likiuma.

"Halikuuma hata kidogo," alisema Suad.

"Na langu haliumi." Mama Mahir alisugua mikono. "Mie nikisema ni jipu. Tangu Ramadhani nasema jipu."

Suad hakumwambia maneno marefu. Alimwambia kwamba Jumatatu asubuhi atampitia, wataanza kwa daktari wake wa mtaani, atakaa naye mpaka aitwe, na kwamba jina la kitu kile litatoka kwa daktari, si kwa Malak. Mama Mahir akakubali kwa kichwa. Halafu akamshika Suad mashavu yote mawili, yale yaliyovimba.

"Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana kwa ziwa lako. Na kwa mtoto."

Suad alifumba macho. Alisimama hivyo, katikati ya viatu vya watu, kwa kitambo, na wanja ukaanza kumtelemka.

Tuliporudi sebuleni Bi Malak alikuwa amekwisha kuondoka. Baadaye tulisikia kwamba anawaambia watu wa Kenton kuwa Suad amepata ugonjwa wa akili, jambo ambalo, ukilifikiri vizuri, ni kushuka cheo kutoka kolestro. Ami Abdulwakil aliondoa jina lake kwenye uchaguzi kabla ya kuombwa, na kwenye dripu iliyofuata aliingia ndani, akakaa kwenye kile kiti cha plastiki kando ya mkewe, akashika beseni.

Lakini Alhamisi ile Suad alirudi mahali pake, akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa, akanyoosha mkono. Sahani ya sambusa ilikuwa palepale. Mke wa Shaame aliitazama, akamtazama Suad, akaisogeza karibu yake. Mama yangu mdogo alichukua moja, akaila polepole, akachukua ya pili, na kwa mara ya kwanza mwaka ule hakuna aliyehesabu.